Deni la Siri Katika Simu



Ndugu msomaji, na hasa dada yangu katika imani, wiki hii nataka tulizungumze deni lisilo na shahidi. Ni lile linalokopwa usiku kwa kubonyeza simu mara tatu au nne, mume amelala, watoto wamelala, na hakuna ajuaye ila Mwenyezi Mungu na kampuni iliyokopesha.

M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 ilituletea wepesi tunaopaswa kuushukuru. Kijana aliyeko Nairobi humtumia mamake aliyeko Lamu pesa za dawa, nazo zikafika kabla ya adhana inayofuata. Mwaka 2012 ikaja M-Shwari, na mlango uliokuwa wa kutumiana ukawa pia mlango wa kukopa. Mkopo huo ulianza kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mwezi. Akopaye shilingi 1,000 hulipa 1,075, naye huona 75 si kitu. Lakini akiurudia mkopo huo kila mwezi, mwaka ukiisha atakuwa amelipa shilingi 900 za ada peke yake, kwa shilingi 1,000 zile zile.

Mwaka 2019 ikafuata Fuliza. Neno lenyewe linajieleza: kufuliza ni kufanya jambo mfululizo bila ya kusita. Huduma hii humwezesha mtu kulipa hata akiwa na salio lisilotosha. Kisha pesa inayoingia hukatwa kwanza ili kulipa deni na ada zake. Tazama basi jambo hili linavyoingia nyumbani. Mume ametuma shilingi 2,000 za matumizi. Simu ya mke ina deni la 1,400. Zimebaki 600. Jioni mume akirudi na kukuta chakula hakifanani na pesa alizotuma, huuliza zimekwenda wapi. Mke akisema kweli, ataulizwa alikopa kwa nini. Akificha, itambidi akope tena kesho. Nyumba nyingi zinatikisika kwa jambo hili, na wakati mwingine mume hudhania baya zaidi kuliko deni. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

Hukumu yake haina utata mkubwa. Nyongeza iliyoshurutishwa juu ya mkopo ni riba, iwe kubwa au ndogo, na kuiita ada hakuibadilishi. Wanazuoni wa zama zetu wamemruhusu mkopeshaji kutoza gharama halisi ya kuhudumia mkopo. Lakini gharama halisi haikui kwa sababu tu mkopo umekuwa mkubwa, wala haizai kila siku inayopita. Hicho ndicho kipimo ambacho hata asiyesoma fiqhi anaweza kukitumia.

Hukumu hii husomwa mimbarini, na ni wajibu isomwe. Maoni yangu ni kwamba kuisoma na kisha kushuka hakutoshi. Mama ambaye mtoto wake ana homa saa nne usiku anajua vyema kuwa riba ni haramu. Anachokosa ni mtu wa kumwendea. Tukimfungia mlango wa haramu bila ya kumfungulia wa halali, tumemwacha njiani.

Mlango wa kwanza ni mume. Matumizi ya nyumba ni haki ya mke, na si hisani. Hind binti Utba alipomshitakia Mtume (s.a.w.) kwamba mumewe Abu Sufyan hampi kinachomtosha, Mtume alimruhusu kuchukua katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na watoto wake kwa wema. Zingatia kwamba hakuambiwa akakope. Kwa hivyo mume anayehoji deni la mkewe na ajihoji kwanza: je, alichokuwa akiacha asubuhi kilitosha unga, mafuta na nauli ya mtoto? Na mke naye, ikiwa deni ni la nguo ya harusi ya jirani, asilifunike kwa jina la dhiki. Mficha uchi hazai. Wakae siku moja, simu zote mbili zikiwa wazi mbele yao, wajue wanadaiwa nini na wapange namna ya kulipa. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inazungumzia kuandika deni na kulishuhudisha. Deni lililoandikwa na kushuhudiwa ni vigumu kukua gizani.

Mlango wa pili ni chama. Mchango wa mzunguko, ambapo kina mama kumi hutoa kiasi sawa na kila mmoja akapokea kwa zamu yake, ni msaada mwema. Lakini baadhi ya vyama vyetu siku hizi hukopesha wanachama kwa nyongeza ya asilimia kumi kwa mwezi, kisha faida ikagawanywa mwishoni mwa mwaka. Tunalaumu kampuni za simu, na sisi kwa sisi tunatozana zaidi yao! Mtume (s.a.w.) katika Hija ya kuaga alipoifuta riba ya zama za ujahiliya, riba ya kwanza aliyoifuta ilikuwa ya ami yake mwenyewe, Abbas bin Abdul Muttalib. Alianza nyumbani kwake. Nasi tuanze na chama chetu.

Mlango wa tatu ni msikiti. Tunachanga kwa mazulia, feni na minara, na Mwenyezi Mungu awalipe wanaochanga. Je, ni vigumu kutenga sanduku la karadha njema, mikopo midogo isiyo na nyongeza, yenye daftari, mashahidi na mdhamini, na mama mwaminifu wa kuwapokea kina mama wenzake kwa stara? Mtume alipoletewa jeneza la mtu aliyekuwa na deni la dinari mbili, hakumsalia mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile. Jamii ilikuwa na mtu wa kusema: deni hili ni langu. Sanduku hilo litakuwa Abu Qatada wetu.

Lipo pia la siasa. Hustler Fund ilizinduliwa Novemba 2022 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na wanasiasa wakaisifu kwa urahisi wake. Ni nafuu kweli ukilinganisha na mikopo mingine. Lakini Mwislamu analipa kodi kama mwananchi mwenzake, na ana haki ya kudai fungu lisilo na riba katika mfuko wa umma. Viongozi wetu wanaokuja kutuomba kura waulizwe jambo hili kwa adabu na bila ya kuchoka. Ama huduma zinazotangazwa kuwa za halali, kama Halal Pesa iliyoanzishwa mwaka 2023, tusizikatae wala tusizipokee kwa jina tu. Tuulize ni kitu gani kinachouzwa, ni nani anakimiliki, na anayechelewa kulipa hufanywa nini.

Mwisho, dada yangu uliyemo ndani ya deni hili sasa: usikimbie. Mkopeshaji akikutisha, akikutukana au akiwapigia simu jamaa zako kukuaibisha, jua kwamba kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 zinamkataza. Lipa rasilimali yako kidogo kidogo, usikope kwa huyu umlipe yule, na mwambie mtu mmoja unayemwamini, leo kabla ya kulala. Dawa ya deni ni kulipa, na mwanzo wa kulipa ni kulitaja.

Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake atuepushe na haramu yake. Wabillahi tawfiq.