Wiki Sita ni Nyingi Mno

Mkulima wa Milola akivimba tumbo na macho yake yakageuka manjano, majirani hunong'ona kwamba amelogwa, ama ni pombe. Huenda kisa kilianza siku aliyozaliwa. Mtoto anayeambukizwa virusi vya homa ya ini B wakati wa kuzaliwa ana uwezekano wa takriban asilimia 90 wa kubaki navyo. Mtu mzima, chini ya asilimia 5. Virusi hivyo havina pupa: hulitia ini makovu kimyakimya kwa miongo, hata lisinyae au lipate saratani.

Chanjo tunayo tangu mwaka 2002, ila ratiba tuliyoizoea huanzia wiki ya sita, ilhali Shirika la Afya Duniani lilishauri tangu 2009 watoto wote wachanjwe ndani ya saa 24. Wajawazito tunawapima VVU na kaswende. Homa ya ini nayo yahitaji matone machache tu ya damu. Isitoshe, tenofovia wanayopewa bure wenye VVU ndiyo hiyo hiyo inayodhibiti homa ya ini B. Kwa hiyo hoja ya ugeni wa dawa haina mashiko.

Mama anayejifungua usiku Milola anastahili kuikuta chanjo hiyo kwenye jokofu la zahanati, si kuambiwa iko Lindi mjini.