Namba Isitenganishwe na Kizio Chake

Mnamo tarehe 23 Septemba 1999, chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea kilipoifikia sayari ya Mirihi. Chanzo cha msiba huo hakikuwa kimondo wala dhoruba, bali namba zilizoachana na vizio vyake. Programu moja ya kompyuta, hapa duniani, ilitoa hesabu za msukumo wa roketi ndogo za chombo hicho kwa paundi-nguvu sekunde. Programu ya pili ikazipokea kana kwamba ni newton-sekunde. Kwa kuwa paundi-nguvu moja ni takriban newton 4.45, njia ya chombo ilikadiriwa vibaya, nacho kikashuka karibu mno na sayari. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nalitaja tukio hili kwa sababu lahusu madarasa yetu. Mwanafunzi anayeanza kujifunza lugha ya Python aghalabu hufundishwa kuandika amri moja baada ya nyingine, na namba zake huitwa x na y tu. Klasi na objekti huahirishwa, eti ni mambo ya mafundi wa programu. Maoni yangu ni kinyume: ziingie mapema, tena ziingie kwa mlango wa fizikia.

Asili yake ndiyo hiyo. Fikra ya objekti ilichipuka Oslo, nchini Norwe, katika miaka ya 1960, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walipobuni lugha ya Simula ili kompyuta iweze kuiga mwenendo wa mifumo halisi. Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, imeirithi fikra hiyo.

Klasi ni mfano wa kalibu ya kufyatulia matofali. Objekti ni tofali lenyewe. Tofauti ni kwamba kila objekti hubeba habari zake pamoja na kanuni za kuzitumia. Tuchukue klasi iitwayo Nguvu. Kila objekti yake ina thamani na kizio. Python humruhusu mwandishi kueleza alama ya kujumlisha ifanye nini: kwanza igeuze vyote kuwa newton, kisha ijumlishe. Hivyo paundi-nguvu 1 na newton 1 huwa takriban newton 5.45, wala si 2. Na mtu akijaribu kujumlisha nguvu na urefu, programu hukataa.

Yawezekana mwalimu akauliza: je, huku si kumtwisha mtoto mzigo? Kwa kutafuta wastani wa namba kumi, naam, mistari michache yatosha, na klasi haihitajiki. Tena objekti haimwondolei mtu wajibu. Katika msiba wa mwaka 1999 maagizo yalitaka vizio vya metriki, lakini hayakufuatwa. Hata safu za namba za NumPy, ambazo ni objekti zinazojua umbo lao na aina ya namba zilizomo, hazijui kama namba hizo ni mita au futi.

Kwa hiyo hapana budi mwanafunzi ajizoeze kuuliza, kabla ya kuandika amri yoyote: kitu hiki ni nini, kina sifa gani, na kipi hakiruhusiwi kutendwa juu yake? Maswali hayo ndiyo mwanzo wa programu njema, nayo ndiyo mwanzo wa sayansi.