Mwanao akienda kambi ya ngoma na kwaya, usiku atamwambia nani?

Mama mmoja wa hapa Majengo, Sumbawanga, aliniletea binti yake wa darasa la sita mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Shida ilikuwa ileile: tumbo linauma asubuhi, na linauma zaidi siku za shule. Mara ya kwanza nilipima choo na mkojo, nikampa dawa ya minyoo. Mara ya pili nikampa dawa za vidonda vya tumbo. Mara ya tatu ndipo nilipofanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Nilimwomba mama asubiri nje kidogo, muuguzi akabaki nasi, nikamuuliza mtoto mwenyewe.

“Mwanangu, maumivu haya yalianza lini?”

“Tangu tuliporudi kambini, daktari.”

Alikuwa amechaguliwa kwenye kwaya. Siku ya tatu ya mazoezi alikosea kuingia kwenye wimbo, wenzake wakamcheka, na mwalimu wa kwaya akampa jina la kejeli. Usiku ule, wakiwa wamelala chini kwenye chumba cha darasa, alikojoa kwenye godoro, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu akiwa mdogo. Alilala kwenye unyevu mpaka asubuhi. Kambi ilipokwisha, lile jina la kejeli lilirudi naye hadi shuleni.

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia mtu yeyote. Akanitazama, akajibu: “Ningemwambia nani?”

Nimebadilisha baadhi ya maelezo ili mtoto asitambulike, lakini swali lake nimeliacha kama lilivyo. Nalileta kwako, mzazi mwenzangu, kwa sababu kila mwaka maelfu ya watoto wetu huingia kambini kujiandaa na mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari. Wengi tunayajua kwa mpira na riadha. Lakini humo zimo pia fani za ndani, yaani kwaya na ngoma, na watoto wa fani hizo hulala kambini kama wenzao wa mpira. Timu huchujwa kuanzia ngazi ya shule, halmashauri na mkoa, hadi fainali za taifa, kama zile zilizofanyika Mtwara mwaka 2021 na Tabora mwaka 2022.

Siandiki kuzipinga kambi hizi. Mtoto anayecheza ngoma anatumia mwili mzima, anajifunza kusikiliza wenzake na anapata marafiki. Mwaka 2019 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, ikaonyesha kwamba kuimba, kucheza na kuigiza vina mchango katika kuzuia baadhi ya magonjwa na kuwasaidia wagonjwa. Wala sanaa si mchezo wa kupotezea muda. Taifa hili lina chuo chake cha sanaa Bagamoyo tangu mwaka 1981, ambacho leo tunakiita TaSUBa, na kijana mwenye kipaji kutoka Ufipa ana haki ya kuota kufika huko.

Ninachosema ni kwamba kambi ni jambo la afya kabla ya kuwa jambo la kikombe. Faida ya sanaa humfikia mtoto aliye salama. Mtoto anayeishi kwa hofu, mwili wake hutoa homoni zilezile zinazotoka mtu anapokimbia hatari: moyo hupiga haraka, usingizi hukatika, tumbo husokota. Maumivu yale si ya kujifanya. Yanauma kweli, ila dawa ya minyoo haiwezi kuyaondoa. Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya kutimiza miaka 14, na huo ndio umri wa watoto tunaowapeleka kambini.

Serikali yenyewe imekwisha kukubali kwamba kulala mbali na nyumbani si jambo dogo kwa mtoto. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2023 ulizuia huduma ya bweni kwa wanafunzi wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali. Kama tunalifikiria hivyo suala la bweni, lenye matroni na ratiba ya mwaka mzima, kwa nini kambi ya wiki mbili kwenye vyumba vya madarasa tuiingie kwa kusaini fomu tu?

Kabla ya kusaini, nenda shuleni uulize. Usione haya, na usiende kwa ugomvi. Walimu wengi wanaosimamia kambi wanafanya kazi usiku na mchana kwa posho kidogo au bila posho, na mzazi anayeuliza mapema huwasaidia.

Uliza nani analala karibu na watoto. Wasichana wawe na mwalimu wa kike, wavulana wawe na wa kiume, na mtoto amjue kwa jina kabla ya usiku wa kwanza. Uliza taa zinazimwa saa ngapi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, na wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Mazoezi ya mpaka saa tano usiku kisha kuamshwa saa kumi na moja alfajiri hayaongezi ustadi. Yanaongeza makosa, sauti kukauka na misuli kuumia.

Uliza kuhusu maji ya kunywa, chakula na vyoo. Mwambie mwalimu ugonjwa wa mwanao bila kuficha. Mwenye pumu aende na dawa yake ya kuvuta. Mwenye kifafa asikose dawa wala usingizi, maana kukosa usingizi huleta degedege. Mwenye selimundu ni wa kuangaliwa zaidi: baridi, kiu na uchovu vinaweza kumletea maumivu makali, na sisi tunaoishi juu huku, kwenye mita kama 1,800, tunaijua baridi ya Juni na Julai. Mpe blanketi la pili na sweta. Msichana apewe taulo za kike hata kama hajavunja ungo, kwa sababu hedhi ya kwanza haichagui mahali.

Kuna jambo moja ambalo sisi wa Sumbawanga mjini hulisahau. Kwetu malaria ni kidogo kuliko mikoa mingi, kwa hiyo watoto wetu hawana kinga kubwa dhidi yake. Wakishuka Bonde la Ziwa Rukwa au wakisafiri kwenda mikoa yenye malaria nyingi, wanaweza kuugua vibaya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta vimelea vya malaria kwa takriban asilimia 23 ya watoto wadogo waliopimwa Tabora, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 8. Mwanao aende na chandarua chenye dawa. Akipata homa ndani ya wiki nne baada ya kurudi, usingoje wala usimpe dawa za dukani. Mpeleke akapimwe siku hiyohiyo, na umwambie mhudumu wa afya kwamba mtoto alisafiri.

Kisha kaa na mwanao usiku wa mwisho kabla ya safari. Mwambie maneno mepesi: ukiumwa, ukiogopa, ukikojoa kitandani, au mtu yeyote akikugusa kwa namna usiyoipenda, mwambie mwalimu fulani, na nikipiga simu niambie mimi. Hutapigwa wala kuchekwa nyumbani kwa kusema. Mfundishe namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo hupigwa bure.

Akirudi, usianze kwa kuuliza kama wameshinda. Muulize alilalaje, nani alikuwa rafiki yake, na nini hakukipenda. Halafu mwangalie kwa wiki chache. Mtoto aliyekuwa akiimba ndani ya nyumba akanyamaza, anayeamka usiku, anayeanza kukojoa kitandani, asiyetaka shule au anayelalamika tumbo kila asubuhi, mlete kituo cha afya, na utuambie kwamba ametoka kambini. Akikuambia amefanyiwa ukatili wa kingono, mwamini na umpeleke hospitali mara moja. Usimwogeshe kwanza, wala usingoje kikao cha ukoo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lipo kwa ajili ya mambo hayo.

Kwa wanaoandaa kambi nina ombi moja. Mtoto haimbi vizuri kwa kutishwa. Koo lenye hofu hukaza, pumzi hukatika na sauti hutetemeka, jambo ambalo mwalimu yeyote wa kwaya amelisikia kwa masikio yake. Tengeni nusu saa kila jioni, baada ya chakula, ambapo mwalimu mlezi anakaa na watoto bila ngoma wala filimbi, anawauliza hali zao na kumchukua pembeni anayeonekana amejikunyata. Nusu saa hiyo haihitaji bajeti. Kuweka magodoro mawili ya akiba na shuka safi mahali ambapo mtoto anaweza kuchukua bila kutangazwa, nako hakuhitaji bajeti kubwa.

Yule binti hakuhitaji dawa zaidi. Mama yake alizungumza na mwalimu mkuu, lile jina la kejeli likakomeshwa, na tulikutana naye mara nne zaidi kwa mazungumzo tu. Maumivu yalipungua taratibu, kisha yakaisha. Mara ya mwisho mama aliniambia amemsikia akiimba akiosha vyombo. Kwenye kwaya ya shule bado hajarudi, na hatujamlazimisha.

Mimi nilihitaji ziara tatu ndipo nimuulize. Wewe mzazi unaye nyumbani, unaweza kumuuliza leo jioni.