Semina Hazitoshi, Tupunguzieni Watoto Darasani

Sisi walimu wa shule za msingi za serikali hatujawahi kukataa kujifunza. Tulikwenda kwenye mafunzo ya KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipobadilishwa mwaka 2015. Tunakaa kwenye MEWAKA, yale Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, kila shule na jumuiya yake ya ujifunzaji. Mtaala mpya ulipoanza Januari 2024 kwa Awali, la kwanza na la tatu, tuliupokea, tukasoma mihtasari usiku ili asubuhi tusiwapotoshe watoto. Kwa hiyo tukilalamika, isisemwe kwamba walimu hawapendi mabadiliko.

Tunalalamika kwa sababu tunafundishwa kazi ambayo darasa tulilopewa halituruhusu kuifanya.

Kwenye semina mkufunzi anatugawa katika vikundi vya watu sita. Kila kikundi kinapewa karatasi ya manila na kalamu ya wino mzito, kinajadili, kinawasilisha. Ni ufundishaji mzuri, nasi tunaupenda; ndivyo mtoto anavyopaswa kujifunza, kwa kushika, kuuliza na kujaribu. Jumatatu tunarudi kituoni. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini wengi wetu tunaingia darasa la kwanza lenye watoto zaidi ya mia. Chukua 120. Ukiwapanga sita sita unapata vikundi 20, na kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Hata usipotumia muda wowote kueleza somo, kila kikundi kinapata dakika moja na nusu. Na hao unaotaka kuwapanga wamebanana kwenye madawati, wengine wako sakafuni, hata pa kupita mwalimu hakuna. Mwalimu anarudi kuandika ubaoni na kuwaitikisha watoto kwa pamoja, maana ndiyo njia pekee inayowafikia wote. Kisha mdhibiti ubora anakuja, anaandika kwamba mwalimu hatumii mbinu shirikishi.

Bado kuna madaftari. Ukimpa kila mtoto dakika moja tu ya kusahihishiwa, umemaliza saa mbili, na hilo ni somo moja. Mwalimu mwenye masomo matatu anabeba mafurushi nyumbani au anaweka vema bila kusoma. Mtoto anayekosea herufi “b” na “d” Februari anapita hivyo hivyo hadi darasa la tano, halafu watu wanashangaa kumkuta hajui kusoma.

Tusieleweke vibaya kuhusu elimu bila ada. Ilipoanza Januari 2016 tuliwaona wakiingia getini watoto ambao michango ilikuwa imewazuia nyumbani, na hatutaki hata mmoja arudishwe. Tunachosema ni kwamba watoto walikuja kwa kasi ambayo vyumba na ajira za walimu hazikuifuata. Ruzuku ya uendeshaji imepangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na kati ya hizo 4,000 ni za vitabu. Zinazobaki ndizo za chaki, ukarabati, mitihani na hizo manila za vikundi. Zana nyingine tunaziokota: vizibo vya soda, vijiti, maboksi.

Ukweli ni kwamba tumekua kitaaluma, na mara nyingi tumekuzana wenyewe. Wenzetu waliopangiwa vijijini Usukumani walikuta watoto wa darasa la kwanza wanaosikia Kiswahili kwa mara ya kwanza shuleni. Hakuna semina iliyowaandaa. Walijifunza Kisukuma kwa wanafunzi wao na kwa majirani, wakawa wanaanza na neno la nyumbani kabla ya kwenda kwenye la kitabuni, na watoto wakafunguka. Wengine wamewatumia wanafunzi wa darasa la sita kuwasomesha herufi wadogo zao asubuhi kabla ya kwenda mstarini. Maarifa ya namna hiyo ndiyo yanayostahili kujaza saa ya jumuiya ya ujifunzaji. Lakini saa hiyo ikifika, tunakuta takwimu zinahitajika leo leo, au majukumu ya PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, hayajajazwa na mtandao uko kwenye mti mmoja tu nyuma ya vyoo. Tunajaza kwa simu zetu na kwa bando letu. Saa imekwisha, na hatujazungumza lolote kuhusu mtoto asiyejua kusoma.

Wapo pia waliojiendeleza kwa fedha zao. Wamesoma shahada wakati wa likizo, wamekopa, wamelipa ada huku wakisomesha watoto wao wenyewe. Wakirudi na cheti wanawasilisha barua ya kubadilishiwa muundo wa utumishi, kisha wanasubiri. Miaka inapita, mshahara uko pale pale. Mwalimu kijana akiliona hilo kwa mwenzake, utamshawishi kwa lipi aende kusoma? Hili linatuuma kuliko hata uhaba wa nyumba za walimu, kwa sababu linamwambia mtu kwamba juhudi yake haikuonekana.

Wakati huohuo wahitimu wa ualimu wako mtaani. Baadhi yao wanajitolea kwenye shule zetu, wanashika darasa zima kwa posho inayotoka kwenye michango ya wazazi, ikipatikana. Walimu hao wapo, wamesomeshwa, na watoto wanawasubiri.

Tunaomba waajiriwe, na wapelekwe kwanza darasa la kwanza na la pili. Tunaomba saa ya MEWAKA iachwe iwe ya kujadili ufundishaji, fomu zitafutiwe siku yake. Aliyesoma abadilishiwe muundo ndani ya muda unaojulikana. Na ninyi mnaotuandalia mafunzo, kabla ya semina ijayo njooni siku ya kawaida ya masomo, mfundishe kipindi kimoja cha kusoma mbele ya watoto wote waliomo darasani. Baada ya hapo tukae pamoja tupange semina.