Mume Apigwapo na Mkewe, Kwa Nini Twacheka?

Liko jambo moja katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet ambalo watu hulisema kwa kicheko tu. Keti hotelini Kericho mjini, au sokoni Litein na Sotik, utawasikia wakizungumza waziwazi juu ya bei ya majani, bonasi na karo za watoto. Lakini akitajwa mume aliyepigwa na mkewe, meza nzima huangua kicheko, na mazungumzo yakaishia hapo. Mimi ni mtu wa pwani, na kicheko kile nakijua. Hata kwetu kipo. Ndicho nitakacho tukitazame leo, ndugu msomaji, kwani kina madhara kuliko tudhanivyo.

Kwanza tuwaelewe wenyeji. Kijana wa Kipsigis akitiwa jandoni hutakiwa asipepese jicho mbele ya kisu. Akionyesha woga, aibu ile humfuata maisha. Akitoka huko huwa mtu wa rika lake, na wenzake wa rika ndio mashahidi wa uanaume wake mpaka uzeeni. Mtu aliyelelewa hivyo atasimama vipi mbele ya kokwet, yaani baraza la ujirani, aseme kwamba mkewe amempiga kwa mwiko au amemmwagia maji ya moto? Huona afadhali kusema kwamba aliteleza njiani, au alipigwa teke na ng'ombe. Kidonda kitapona, lakini kicheko cha wenzake huona hakitapona.

Ugomvi wenyewe mara nyingi una mizizi katika chai. Mkulima mdogo hulipwa kila mwezi kwa majani aliyopeleka kituoni, kisha mara moja kwa mwaka huja bonasi. Katika nyumba nyingi shamba na akaunti ni kwa jina la mume, ilhali mikono ichumayo ni ya mke. Fedha zikiishia kilabuni, mke huona jasho lake limenywewa. Katika mashamba makubwa ya makampuni mambo huweza kuwa kinyume. Mke ana kazi na mume hana, hasa tangu mashine za kuchumia chai zilipoanza kuchukua nafasi za watu. Mwezi wa Mei 2023 hasira ya mashine hizo ilifika hadi ya kuzichoma moto huko Kericho. Mume aliyekosa kazi hushuka heshima nyumbani, na matusi huanza. Hizo ni sababu za ugomvi. Hazimpi mume ruhusa ya kupiga, wala hazimpi mke.

Sasa tutazame hesabu. Uchunguzi wa taifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 uliona kwamba wanawake 34 katika kila 100 walikuwa wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu wafikie umri wa miaka 15. Kwa wanaume walikuwa 27 katika 100. Lakini tusome kwa uangalifu: si wote hao 27 walioumizwa na wake zao, kwani mwanamume huweza pia kupigwa na mwalimu, mzazi au mtu wa njiani. Wanawake ndio waumizwao zaidi majumbani, na hilo halina ubishi. Hata hivyo, katika uchunguzi wa 2014 watu waliulizwa kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu fulani fulani, na wanawake 42 katika 100 na wanaume 36 katika 100 walikubali angalau sababu moja. Swali la mke kumpiga mume halikuwamo katika orodha ile.

Mwaka 2012 chama cha Maendeleo ya Wanaume kilijaribu kulitia jambo hili hadharani, kikawahimiza waume wasusie chakula cha nyumbani kupinga kupigwa. Nchi ilicheka. Nyeri ikageuzwa kichekesho cha taifa, na mwenye jeraha akasahauliwa.

Wako wasemao kwamba kumsikiliza mume ni kumnyang'anya mke zamu yake. Sikubaliani nao. Februari 2023 filamu ya BBC ilionyesha jinsi wanawake wa mashamba ya chai ya Kericho walivyotakwa mwili na wasimamizi ili wapate kazi. Kilichowafunga vinywa muda wote ule kilikuwa hofu na aibu. Aibu hiyo hiyo humfunga mume. Tena yule amchekaye mume kwa kupigwa anasema, bila kujua, kwamba mume wa kweli ndiye apigaye. Kicheko chake kinamrudia mke mgongoni.

Na sisi wa pwani tusijitoe. Mume mpole kwetu huambiwa amekaliwa, au amelishwa limbwata. Hata upole wake huwa kazi ya mganga. Twasema siri ya mtungi aijuaye kata, kisha kata ikisema twaicheka. Ilhali dini yetu imetuonyesha njia. Katika Suratun Nisaa, aya ya 35, penye hofu ya mfarakano twaamrishwa kuweka waamuzi wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke. Mwamuzi hawezi kuamua asichokisikia, naye hukaa kusikiliza pande zote mbili. Nayo Sheria ya Kulinda Watu dhidi ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2015 haikubagua mume wala mke. Yeyote aumizwaye aweza kuiomba mahakama amri ya kumlinda.

Basi njia zipo: kokwet ipo, kadhi yupo, chifu yupo, mahakama ipo. Kilichobaki ni sisi tunaoambiwa kwanza: jirani, imamu, askari wa zamu, ndugu wa damu. Mtu akija na jeraha na kusema limetoka nyumbani, tumuulize kama ana mahali salama pa kulala usiku ule. Tumuulize hivyo awe mume au awe mke.