Udongo Hauulizi Umevaa Nini

Wasee, leo tunaongea nguo. Si za Idi, si za harusi. Nguo za kuenda darasa la ufinyanzi. Najua kuna mtu ashacheka. Cheka, lakini soma hadi mwisho, juu hii stori si ya fashoni.

Mmeona venye Nairobi imekuwa. Wikendi ikifika watu wanaenda kufinyanga. Wapenzi wako huko, mabesti wako huko, ofisi nzima inapelekwa huko eti wajuane vizuri. Na kila video ina vazi moja: ovaroli ya jinzi, fulana nyeupe, aproni ya rangi ya kahawa, nywele zimefungwa juu. Halafu chini ya tangazo unapata masharti. Usivae nguo pana. Usivae kitu kinaning'inia. Vaa suruali ya kubana kidogo. Kuna tangazo moja nililisoma mara tatu, hakuna mahali limesema kwa nini. Limeamuru tu.

Mimi ni mtu wa Buna. Kwa asiyejua, Buna iko Wajir Kaskazini, kwa barabara ya kutoka Wajir kuenda Moyale. Huku kwetu ukimwambia msichana "usivae nguo pana," umemwambia "usikuje." Hana kabati lingine la kufungua. Ana baati, ana hijabu, ana abaya. Hajagusa udongo na tayari ameambiwa yeye ndiye tatizo.

Sasa msimamo wangu ni huu. Sharti la nguo lazima liwe na sababu inayotoka kwa udongo, kwa maji, kwa moto ama kwa mashine. Likikosa hiyo sababu, si sharti la ufinyanzi, ni la kamera. Na sharti la kamera halifai kumfungia mtu mlango.

Tusikuwe watu wa kupiga kelele tu. Sababu za kweli ziko, na tuziheshimu. Gurudumu la umeme linaweza kuzunguka zaidi ya mara 200 kwa dakika. Ncha ya shungi ikishikwa hapo, si mchezo. Pete na bangili zinachora chungu, na kucha ndefu zinakitoboa. Vumbi la udongo mkavu lina silika, na ukilivuta miaka na miaka linaharibu mapafu. Ndio maana aproni iliyojaa udongo haikung'utwi, inaoshwa. Ndio maana pia sakafu ya karakana inapigwa deki badala ya kufagiwa kavu. Karibu na tanuri, kitambaa cha poliesta kinaweza kuyeyuka na kushika ngozi, pamba haiyeyuki. Na miguuni vaa viatu vya kufunika vidole.

Hizo ndizo sababu. Rudia kuzisoma uniambie ni gani inasema "usivae hijabu." Ni gani inasema "usivae baati." Hakuna. Zote zinasema kitu kimoja: kisining'inie, kisiyeyuke, kisibebe vumbi hadi nyumbani.

Na hapo, abaayo, nguo zetu zinashinda. Baati ni ya pamba, ni pana, inapitisha hewa. Ukikaa kwa gurudumu unakaa umetanua magoti, gurudumu liko katikati. Mwenye jinzi ya kubana anahangaika, wewe una nafasi, na ndani umevaa suruali yako nyepesi. Mikono ya baati unaikunja juu ya kiwiko unaishika na lastiki. Hijabu chagua ya pamba yenye kuvutika, si ile ya kuteleza, na ncha zote ziingie ndani ya kola. Usitumie pini. Si kwa sababu ya dini wala urembo. Pini ikianguka kwa udongo, yule atakayeukanda kesho ndiye atalia. Juu ya yote funga leso ya zamani kiunoni, maji ya udongo yatue hapo. Umemaliza. Hujanunua kitu.

Kitu kinaniudhi zaidi ni huu unafiki. Dera ni nini? Ni dirac yetu, imebadilishwa jina kidogo. Leo kutoka Mombasa hadi Kisumu wamama wa kila kabila wanaivaa. Wanapikia, wanafulia, wanalimia, wanakimbizia watoto. Isli inauza dera mchana na usiku. Yaani nguo yetu inafaa kwa moto wa jiko, inafaa kwa jembe, inafaa kwa kubeba maji, lakini ikifika kwa bonge la udongo inageuka hatari? Hapana bana. Nguo ni ileile. Kilichobadilika ni nani anaangalia.

Kisha uliza hii kazi ya ufinyanzi ilianzwa na nani. Nyanza, Ukambani, Pwani, hadi Wakisi kule Ziwa Nyasa upande wa Tanzania, vyungu ni kazi ya wanawake kwa vizazi. Walifinyanga wakiwa na leso, khanga na vitambaa vya kichwa. Hakuna aliyewaambia wabadilishe nguo kwanza ndio udongo ukubali kushikana.

Unataka jina? Ladi Kwali wa Nigeria. Alijifunza nyumbani kwao, kwa mkono, bila gurudumu, akizunguka chungu badala ya chungu kumzunguka. Mwaka 1954 akaingia kituo cha ufinyanzi cha Abuja, akawa mwanamke wa kwanza kufunzwa hapo. Alipelekwa Ulaya na Marekani kuonyesha kazi yake. Angalia picha zake: kitambaa kimefungwa kiunoni, kilemba kichwani. Leo yuko nyuma ya noti ya naira 20. Nchi imemweka kwa pesa akiwa na chungu chake, na hakuna ovaroli hapo.

Na Mkenya mwenzetu Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikuwa tayari anasomea sanaa Uingereza alipofunga safari miaka ya 1970 kwenda hukohuko Abuja kujifunza kujenga chungu kwa mkono, na Ladi Kwali akiwa mmoja wa walimu wake. Leo vyungu vyake viko kwa makumbusho makubwa ya dunia. Tafakari hiyo. Msomi wa Uingereza amerudi Afrika kufunzwa na mama wa kilemba. Halafu wewe na karakana yako ya juzi unataka kumfunza mama wa kilemba jinsi ya kuvaa.

Mtu atasema nakuza mambo, ni darasa la masaa mawili tu. Sawa. Lakini sisi watu wa huku tunajua mchezo wa nguo unaishia wapi. Isiolo, njiani tu ukitoka kwetu kuenda Nairobi, wasichana wa shule moja ya upili iliyo chini ya ufadhili wa kanisa waliomba kuvaa hijabu na suruali ndefu nyeupe pamoja na sare. Kesi ikapanda hadi juu. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikawakubalia. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi huo, hasa kwa hoja ya vile ombi lilivyowasilishwa. Miaka imeenda, majaji wameandika kurasa na kurasa, na mambo yote ni kitambaa na suruali. Niliacha chuo, sikuacha kusoma, na nikisoma hiyo kesi naona kitu kimoja. Sheria ya nguo haisemi kamwe "hatukutaki." Inasema "karibu, lakini badilika kwanza." Tofauti ni ndogo sana kama wewe ndiye umesimama nje.

Sasa nigeuke nyumbani, juu siwezi kurusha mawe Nairobi peke yake. Huku pia tuko na polisi wa nguo. Msichana akisema anataka kufinyanga, ataulizwa atakaaje na gurudumu katikati ya magoti. Ataulizwa kwa nini ajipake matope kama mtoto. Na chini ya hayo maswali kuna dharau ya zamani ambayo hatupendi kuitaja. Jamii yetu ya wafugaji ilidharau kazi za mikono. Wahunzi na watu wa kutengeneza ngozi walitengwa, hata kuoana nao ikawa shida. Sitetei hiyo. Ni aibu.

Ni kweli vyombo vyetu vya maziwa vilisukwa ama vikachongwa, juu ukihama na ngamia chungu kinavunjika. Lakini angalia nyumba yako jioni. Kuna dabqaad pale, chetezo kama wanavyoita watu wa Pwani, makaa ndani, uunsi unanukia. Zile za udongo zilitoka kwa mikono ya mtu. Tunazinunua, tunajivunia harufu, halafu tunamcheka anayetaka kuzitengeneza. Msichana wa Buna akijua kufinyanga dabqaad nzuri ana soko kila nyumba kutoka hapa hadi Garissa. Hiyo ni pesa ya kitabu, ni simu, ni mtaji wa biashara. Sisi tunamzuia na swali la magoti, Nairobi inamzuia na swali la hijabu. Pande zote mbili zimeungana bila kujua, na yeye amebaki mikono mikavu.

Kwa wenye karakana ombi langu ni dogo. Chukua tangazo lako, kila sharti la nguo liandikie sababu yake kando. "Funga ncha za hijabu, gurudumu linazunguka haraka." Hiyo ni heshima, mtu ataelewa na atakuja. "Usivae nguo pana" peke yake, futa. Weka lastiki na leso chache kwa kikapu hapo mlangoni, haitakufilisi.

Kwa wazazi: suruali ndani, baati juu, leso mapajani. Stara iko. Swali la magoti limeisha, tafuta lingine.

Na wewe msichana uliyefungua hilo tangazo ukalifunga kimyakimya, kata kucha, vua pete, kunja mikono, uende. Wakikuzuia, uliza sababu mbele ya watu. Wakikosa jibu, wewe ingia ukae.