Kabla ya kununua hisa, uliza dawa inafunga lango lipi

Mfanyabiashara wa Karatu anayepeleka mzigo Musoma kwa njia ya Serengeti analijua lango la Lodoare. Gari husimama, kibali hukaguliwa, ndipo linapoingia Ngorongoro.

Mwilini nako kuna malango. Chembechembe nyeupe za damu husafiri kwenye mishipa, na zikifika mahali pa kuingilia, molekuli maalumu huzinatisha ukutani, kisha zikapenya. Kwa mwenye ugonjwa wa Crohn au vidonda sugu vya utumbo mpana, zinazoingia utumboni ni nyingi mno, na uvimbe hauishi.

Makampuni ya dawa yaliona biashara katika kulifunga lango hilo. Natalizumab, ya Biogen Idec na Elan, iliruhusiwa Marekani Novemba 2004 kwa ugonjwa mwingine, wa neva, huku ikijaribiwa kwa Crohn. Dosari yake ni kwamba ilifunga lango la utumbo na la ubongo pia. Walinzi wa mwili walipozuiwa kufika ubongoni, kirusi kilicholala kiliwashambulia wagonjwa wachache, na baadhi walikufa. Februari 28, 2005 dawa ilisimamishwa. Siku hiyo hisa za Elan zilianguka kwa takriban asilimia 70, na za Biogen Idec zaidi ya asilimia 40. Ilirudi sokoni 2006 kwa masharti makali.

Vedolizumab ya Takeda ya Japani, iliyoruhusiwa 2014, inalenga lango la utumbo peke yake. Katika mwaka wa fedha wa 2023 iliingiza takriban yeni bilioni 800. Ni dhahiri kwamba faida imekaa kwenye kulenga.

Fundisho hilo linamhusu pia anayetaka kuwekeza katika zahanati Karatu. Asikimbilie dawa hii ya dripu, inayotunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 na kurudiwa kila wiki 8 baada ya dozi za mwanzo. Kifua kikuu cha utumbo hufanana sana na Crohn; ukikosea, umewazuia walinzi ambao mgonjwa anawahitaji. Mtaji wa kwanza uende kwenye maabara ya kupima choo na kifua kikuu, na kwenye utaratibu wa kumfikisha mgonjwa mapema hospitali ya rufaa kama KCMC, Moshi, utumbo uangaliwe kwa kamera.

Mteja anayeharisha damu miezi mitatu huku akinunua dawa ya amiba duka hadi duka anapoteza fedha na afya. Atakayemwambia ukweli wa ugonjwa wake mapema ndiye atakayemrudisha kama mteja.